Injini za Dizeli za Kisasa kwenye Magari Madogo na Hewa Tunayovuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukiuliza kama dizeli ni safi au chafu, utapata wabishi wa pande zote mbili, na kila upande una ukweli wake. Gari la dizeli lililoundwa miaka ya karibuni, likiwa zima na likipewa safari linazozimudu, hutoa moshi safi mno kuliko wa watangulizi wake. Gari hilohilo, likikatwa kifaa kimoja tu chini ya sakafu, hurudi kuchafua kama zamani. Majibu yaliyo hapa chini yanaeleza kwa nini.

Kwa nini injini ya dizeli hula mafuta kidogo kuliko ya petroli?

Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia. Pistoni hubana hewa tupu hadi ipate joto la kuweza kuwasha mafuta, kisha nozeli hunyunyiza dizeli ndani ya hewa hiyo, nayo hulipuka yenyewe. Rudolf Diesel alipata hataza ya wazo hilo Ujerumani mwaka 1893. Mwaka 1897 injini yake ya majaribio mjini Augsburg ikageuza takriban asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho injini za mvuke za zama zake hazikukikaribia. Leo injini nzuri ya dizeli ya gari dogo hufika asilimia 40 ikiwa kwenye mzunguko na mzigo unaoifaa.

Sababu ya kwanza ni mgandamizo. Dizeli ya kisasa hubana hewa kati ya mara 15 na 18, ilhali injini nyingi za petroli huishia mara 10 hadi 13. Ya pili husahaulika: injini ya kawaida ya petroli hupunguza nguvu kwa kuziba njia ya hewa, hivyo sehemu ya mafuta hupotea katika kazi ya kuvuta pumzi kupitia tundu jembamba. Dizeli huvuta hewa karibu bila kizuizi, na nguvu hupangwa kwa kiasi cha mafuta kinachonyunyizwa. Ndiyo maana tofauti ya ulaji huonekana zaidi gari linapokwenda taratibu bila mzigo.

Magari madogo ya dizeli si jambo geni. Mercedes-Benz 260 D ilianza kuuzwa mwaka 1936. Kilichoyafanya yapendwe na watu wengi ni mfumo wa bomba moja la shinikizo, ulioingia kwenye magari ya abiria mwaka 1997. Katika mfumo huo mafuta hukaa tayari kwa shinikizo ambalo siku hizi hupita bar 2,000, na kompyuta huamuru nozeli kunyunyiza mara kadhaa ndani ya mzunguko mmoja. Ule mgongano wa chuma tuliouzoea kwenye dizeli za zamani ukapungua, na masizi yakapungua pia.

Kwa hiyo dizeli inachangia kidogo ongezeko la joto duniani?

Kidogo kuliko petroli, ndiyo, lakini tofauti ni ndogo kuliko wanavyodhani wanaohesabu lita. Dizeli ni nzito kuliko petroli na ina kaboni zaidi ndani ya kila lita. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.64 za hewa ya ukaa. Lita ya petroli hutoa takriban kilo 2.31.

Tufanye hesabu. Gari la dizeli linalotumia lita 5 kwa kilomita 100 hutoa gramu 132 za hewa ya ukaa kwa kila kilomita. Gari la petroli la ukubwa uleule likitumia lita 6.5 hutoa gramu 150. Mfukoni umeokoa karibu robo ya mafuta, lakini angani umeokoa asilimia 12 tu. Na kama unafuu huo ulikushawishi ununue gari kubwa zaidi, au uendeshe masafa marefu zaidi kwa kuwa safari ni nafuu, hata hiyo asilimia 12 imeshaliwa.

Kuna pia masizi. Kaboni nyeusi hunyonya joto la jua na kulibakiza hewani. Gari la dizeli lisilo na filta halistahili kabisa kuitwa rafiki wa tabianchi, hata likitumia mafuta kidogo namna gani.

Madhara kwa afya ni yapi hasa?

Mambo mawili, na ni vizuri kuyatenganisha kwa sababu yanatoka sehemu tofauti na yanazuiwa kwa vifaa tofauti.

La kwanza ni chembe za masizi. Nyingi ni ndogo kuliko sehemu moja ya kumi ya maikromita, hivyo pua na koo haziwezi kuzizuia. Huzama hadi vifuko vya ndani kabisa vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huweza kuvuka kuingia kwenye damu. Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli kwenye Kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi mkuu ulitokana na wafanyakazi waliovuta moshi wa injini za zamani kwa miaka mingi, wakiwemo wachimba madini.

La pili ni oksidi za nitrojeni. Hizi huwasha njia ya hewa, huzidisha pumu, na jua likizipiga pamoja na mvuke wa mafuta na kemikali nyingine hutengeneza ozoni ya chini, ambayo nayo huumiza mapafu. Hazionekani kwa macho kwa viwango vinavyotoka kwenye gari. Bomba la moshi lisilotoa wingu jeusi halithibitishi chochote kuhusu oksidi hizi.

Oksidi za nitrojeni zinatoka wapi, ilhali dizeli yenyewe haina nitrojeni ya kutajika?

Zinatoka kwenye hewa. Karibu asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, gesi tulivu isiyopenda kuungana na kitu. Joto kali la ndani ya silinda huilazimisha kuungana na oksijeni.

Hapo ndipo wahandisi wa dizeli wanapopata taabu. Ukiwasha mafuta kwa joto kali na hewa nyingi, masizi huungua na kupungua, lakini oksidi za nitrojeni hupanda. Ukipooza mwako, oksidi hushuka na masizi huongezeka. Gari la petroli huepuka shida hii kwa kichocheo kimoja cha kwenye ekzosi kinachomaliza uchafu wa aina tatu kwa mpigo, lakini kichocheo hicho hutaka moshi usiobaki na oksijeni. Moshi wa dizeli una oksijeni ya ziada karibu wakati wote, kwa hiyo njia hiyo haiwezekani. Dizeli ikalazimika kufungwa vifaa vingi vinavyofuatana, kila kimoja na kazi yake, na kila kimoja na namna yake ya kuharibika.

Vifaa hivyo ni vipi na vinafanyaje kazi?

Cha kwanza ni EGR, vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Moshi huo una oksijeni kidogo kuliko hewa safi, hivyo hupooza mwako na oksidi za nitrojeni hupungua tangu mwanzo. Adui yake ni masizi, ambayo hujenga ukoko mweusi kwenye vali na njia za hewa mpaka vali inakwama.

Kinachofuata kwenye ekzosi ni kichocheo cha kuunguzia mabaki ya mafuta na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi.

Halafu inakuja filta ya masizi, ambayo mafundi huiita DPF. Ndani yake ni kauri yenye vijia vingi vyembamba kama sega la nyuki, ila kila kijia kimezibwa upande mmoja, kwa hiyo moshi hauna budi kupenya kwenye kuta zenye vitundu na kuacha masizi nyuma. Filta nzima hukamata zaidi ya asilimia 95 ya masizi. Gari la kwanza kuuzwa na filta hii ikiwa kifaa cha kawaida lilikuwa Peugeot 607, mwaka 2000, na kwa maoni yangu hakuna kifaa kingine kilichobadilisha tabia ya dizeli kiasi hicho.

Mwisho kabisa ni mfumo wa SCR, unaonyunyiza maji ya urea kwenye ekzosi. Joto hugeuza urea kuwa amonia, na amonia ikikutana na oksidi za nitrojeni juu ya kichocheo huzaa nitrojeni ya kawaida na maji. Ni kemia nzuri sana, lakini inahitaji joto. Moshi ukiwa chini ya nyuzi 200 hivi mfumo hufanya kazi kidogo au husimama. Baadhi ya magari, hasa ya ukubwa mdogo, yalipewa kichocheo kinachohifadhi oksidi na kuzisafisha kwa vipindi badala ya SCR. Kiliokoa nafasi na gharama, lakini barabarani mengi ya magari hayo hayakufua dafu.

AdBlue ni nini, na naweza kujaza kitu kingine badala yake?

Ndiyo hayo maji ya urea: asilimia 32.5 ni urea safi, iliyobaki ni maji yaliyoondolewa madini. Huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, ndiyo maana tangi lake huwa na kipasha joto.

Usichanganye na maji ya bomba, wala usiyeyushe mbolea ya urea ukidhani ni kilekile. Chumvi na madini yake huua kichocheo, na kichocheo ni ghali kuliko urea ya miaka mingi. Ukikosea ukamimina AdBlue kwenye tangi la dizeli, usiwashe gari hata kidogo. Ita gari la kuvuta. Tangi la AdBlue likikauka, magari mengi hukataa kuwaka tena baada ya kuzimwa. Hilo limewekwa kwa makusudi kwa sababu bila urea gari halikidhi tena kiwango lililosajiliwa nacho.

Taa ya DPF huwaka mara kwa mara. Gari ni bovu?

Huenda gari halina ubovu wowote, ila safari zake haziifai.

Filta ikijaa masizi hujisafisha kwa kuyachoma. Kwenye mwendo mrefu wa barabara kuu moshi huwa wa moto wa kutosha na masizi huungua polepole bila wewe kujua. Mjini moshi hauchemki, kwa hiyo kompyuta huamuru mafuta ya ziada yanyunyizwe ili filta ifike takriban nyuzi 600. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa za mwendo. Ukizima gari katikati kwa kuwa umefika dukani, masizi hubaki. Ukifanya hivyo kila siku filta huziba. Na kuna hasara isiyoonekana: katika injini nyingi mafuta hayo ya ziada hunyunyizwa ndani ya silinda, na sehemu yake huteleza kando ya pistoni hadi kwenye oili. Oili iliyochanganyika na dizeli huwa nyepesi na hailindi injini ipasavyo. Ukiona kipimo cha oili kinapanda badala ya kushuka, mwone fundi upesi.

Taa ikiwaka kwa mara ya kwanza, liendeshe gari kwa mwendo wa wastani au wa kasi bila kusimama, kwa gia inayoipa injini mzunguko wa kutosha, mpaka taa izime. Ikianza kuwaka na kuzima pamoja na taa ya injini, usilazimishe. Hapo inahitaji kuchunguzwa kwa kompyuta, kwa sababu mara nyingi chanzo ni kingine: sensa mbovu, nozeli inayovuja, EGR iliyokwama. Anayebadilisha filta bila kutafuta chanzo atabadilisha nyingine baada ya muda mfupi.

Kuna kitu filta haiwezi kukichoma: majivu yanayotokana na viungo vya oili. Hujikusanya taratibu hadi filta ioshwe kwa mitambo au ibadilishwe. Tumia oili yenye majivu kidogo iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Hili ni agizo dogo, na wengi hulipuuza wakati wa sevisi.

Fundi amesema tuikate hiyo filta, gari litakuwa jepesi. Tufanye hivyo?

Hapana. Nasema hivi bila kumung'unya maneno, kwa kuwa ndilo jambo baya kuliko yote anayoweza kulifanyia gari lake mwenye dizeli.

Filta ikitolewa, gari moja linaweza kutoa masizi kuliko magari mengi yenye filta nzima yakiwekwa pamoja. Wanaovuta uchafu huo wa kwanza ni wale walio karibu na bomba: wanaotembea kwa miguu, waendesha baiskeli, watoto ambao vimo vyao vinalingana na ekzosi. Katika Umoja wa Ulaya na Marekani kuikata ni kosa la kisheria. Zamani ukaguzi ulitumia kipimo cha weusi wa moshi, na gari lililokatwa liliweza kupita. Ndiyo sababu Ubelgiji mwaka 2022, kisha Uholanzi na Ujerumani mwaka 2023, zikaanza kuhesabu idadi ya chembe kwa mashine maalumu wakati wa ukaguzi. Mashine hiyo hutambua hata filta iliyopasuka ndani.

Hiyo ahadi ya wepesi nayo kwa kawaida ni dalili kwamba filta ilikuwa imeziba. Kuisafisha na kutibu chanzo huleta wepesi uleule.

Euro 4, Euro 5, Euro 6: namba hizi zinanieleza nini?

Ni viwango vya Ulaya vya uchafu unaoruhusiwa, vilivyoanza na Euro 1 mwaka 1992. Kwa magari ya dizeli, oksidi za nitrojeni zilishushwa kutoka miligramu 500 kwa kilomita kwenye Euro 3 ya mwaka 2000, hadi 250 kwenye Euro 4, 180 kwenye Euro 5, kisha 80 kwenye Euro 6 iliyoanza mwaka 2014. Masizi yalishushwa kutoka miligramu 25 kwenye Euro 4 hadi 5 kwenye Euro 5, kiwango kilichofanya filta kuwa lazima kwa vitendo.

Namba ya masizi unaweza kuiamini. Namba ya oksidi za nitrojeni, kwa magari ya kabla ya mwaka 2017 hivi, isome kwa tahadhari kubwa. Sababu iko kwenye jibu linalofuata.

Ile kashfa ya mwaka 2015 ilihusu nini?

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, kwa kazi waliyopewa na baraza la kimataifa la usafiri safi, ICCT, walifunga mitambo ya kubebeka kwenye magari ya dizeli na kuyaendesha barabarani. Mawili ya Volkswagen yalitoa oksidi za nitrojeni mara nyingi kupita kikomo: moja kati ya mara 15 na 35, jingine kati ya mara 5 na 20. Gari la tatu, la kampuni nyingine, kwa sehemu kubwa lilikuwa ndani ya kiwango, na hilo lilionyesha kwamba usafi uliwezekana.

Septemba 18, 2015, shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilitangaza kuwa Volkswagen iliweka programu inayotambua gari likiwa kwenye mtambo wa majaribio. Hapo vifaa vya kusafisha viliamka, barabarani vililegezwa. Kampuni ilikiri kwamba takriban magari milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Faini, fidia na marekebisho vimeigharimu zaidi ya euro bilioni 30.

Ubaya haukuishia kwa kampuni moja. Vipimo vilivyofuata Ulaya vilionyesha kuwa magari ya watengenezaji wengi, hata yasiyokuwa na programu ya kuhadaa kama hiyo, yalichafua mno barabarani kwa sababu jaribio la maabara lilikuwa laini: joto zuri, mwendo wa pole, hakuna mlima.

Baada ya hapo mambo yalirekebishwa kweli?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Tangu Septemba 2017 aina mpya za magari Ulaya hupimwa pia barabarani kwa mitambo ya kubebeka. Mwanzoni ziliruhusiwa kufika mara 2.1 ya kikomo, baadaye ruhusa ikabanwa hadi mara 1.43. Watengenezaji wakaongeza matangi ya urea, wakasogeza vichocheo karibu na injini ili vipate joto mapema, na baadhi wakaweka sehemu mbili za kunyunyizia. Dizeli za kundi hili ni tofauti kabisa na Euro 6 za mwanzo, ingawa jina ni moja. Udhaifu uliobaki ni dakika za kwanza baada ya kuwasha gari la baridi, na foleni ndefu zinazopooza ekzosi.

Soko halikusubiri. Mwaka 2015 zaidi ya nusu ya magari mapya katika Umoja wa Ulaya yalikuwa ya dizeli. Kufikia mwaka 2023 yalibaki chini ya asilimia 15.

Kwa nini baadhi ya miji huzuia magari ya dizeli?

Kwa sababu ya oksidi za nitrojeni kwenye mitaa yenye msongamano. Februari 2018 mahakama kuu ya masuala ya utawala ya Ujerumani, iliyoko Leipzig, iliamua kuwa miji inaweza kuweka marufuku, na Mei mwaka huohuo Hamburg ikafunga sehemu za barabara mbili kwa dizeli za zamani. London, tangu Aprili 2019, hutoza magari katika eneo lake maalumu: petroli hupita bila malipo ikiwa Euro 4, dizeli lazima iwe Euro 6. Tofauti hiyo ni ya haki. Petroli ya mwaka 2006 kwa kawaida hutoa oksidi chache kuliko dizeli ya mwaka 2012.

Ubora wa mafuta una uzito gani?

Mkubwa. Salfa iliyomo kwenye dizeli huzaa chembe za salfati na hudhoofisha vichocheo. Ulaya imebana salfa isizidi sehemu 10 kwa milioni. Gari la kiwango cha juu likinyweshwa mafuta yenye salfa ya mamia ya sehemu kwa milioni, litapoteza uwezo wake wa kusafisha moshi muda mrefu kabla injini haijachoka.

Vipi dizeli ya mimea?

Dizeli ya kawaida ya Ulaya inaruhusiwa kuwa na hadi asilimia 7 ya mafuta ya mimea yaliyochakatwa. Kuna pia HVO, inayotengenezwa kwa kuyapitisha mafuta ya mimea au mabaki ya mafuta ya kupikia kwenye haidrojeni; huungua vizuri na kwa masizi machache. Faida yake kwa tabianchi hutegemea malighafi. Ikitoka kwenye mafuta yaliyokwisha kutumika, ni jambo la kupongezwa, ingawa hayapatikani kwa wingi. Ikitoka kwenye mawese ya shamba lililokuwa msitu, hasara inaweza kuizidi dizeli ya kawaida.

Ninunue dizeli, petroli, haibridi au umeme?

Kwa safari fupi za mjini, dizeli sikushauri kabisa. Utalipia filta, EGR na SCR, halafu utavinyima joto vinavyolihitaji. Haibridi ya petroli, yaani gari lenye injini pamoja na mota ya umeme, hufanya kazi hiyo vizuri, na gari la umeme vizuri zaidi, kwani halina bomba la moshi.

Kwa anayekwenda mamia ya kilomita kwa mkupuo, au kuvuta tela, dizeli ya baada ya 2019 bado ina hoja. Usidhani pia kwamba petroli haina masizi: zile zinazonyunyiza mafuta moja kwa moja kwenye silinda hutoa chembe nyingi ndogo, na magari mapya ya aina hiyo Ulaya nayo hufungwa filta. Vumbi la breki na matairi linatoka kwa magari yote. Kanuni za Euro 7, zilizopitishwa mwaka 2024, ndizo za kwanza za Ulaya kuweka kikomo cha vumbi la breki.

Nataka kununua dizeli iliyotumika. Nitajuaje vifaa vyake ni vizima?

Pitisha kitambaa cheupe ndani ya ncha ya bomba la moshi. Gari lenye filta nzima huacha alama hafifu tu. Likipaka masizi meusi mazito, filta imetolewa au imepasuka. Kisha mwombe fundi alipandishe gari na aangalie mkebe wa filta: alama za kuchomelea upya ni ishara ya kukatwa na kuzibwa. Aunganishe kompyuta asome uzito wa masizi, kiasi cha majivu na umbali uliopita tangu filta ijisafishe mara ya mwisho. Gari lililotembea kilomita laki mbili likionyesha majivu sifuri, ama filta ni mpya na muuzaji ana risiti yake, ama programu imechezewa. Kagua taa za dashibodi pia: ufunguo ukiwashwa, taa ya injini iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna aliyeizima kwa makusudi, na hapo rudisha ufunguo kwa mwenyewe.